Matundu ya Nyuma ya Ukuta

Mtu wa Lubumbashi akipata kidogo, kitu cha kwanza ni geti. Paa linavuja, choo kimefungwa kwa pazia, lakini geti lazima liwe la chuma, refu kuliko nyumba yenyewe, na juu yake vichwa viwili vya simba vilivyopakwa rangi ya dhahabu. Kwenye barabara yetu ya Katuba nimehesabu simba kumi na wawili. Sijaona hata mmoja akizuia mvua. Nasema hivi nikijua kwamba wawili wa mwisho walipandishwa kwenye geti la mama yangu mzazi, na aliyewapandisha ni mdogo wangu wa kiume.

Nyumba ile baba aliijenga kabla sijazaliwa. Aliijenga kwa matofali mabichi, yale ya udongo uliokaushwa juani bila kuchomwa, akayashikanisha kwa udongo uleule, kisha akapiga plasta nyembamba kwa nje. Nyumba za namna hiyo ziko nyingi katika mitaa yetu ya zamani na zinadumu kuliko watu wanavyofikiri. Zina sharti moja tu: miguu yake isikae ndani ya maji.

Baba alilijua sharti hilo. Alikuwa fundi wa mashine kule Kipushi, na kila mwezi wa nane, wakati baridi ya kiangazi inaanza kulegea na vumbi jekundu limejaa hadi ndani ya sukari, alichukua likizo yake akaimaliza juu ya paa. Alifagia majani ya mparachichi kutoka kwenye manjanja, kama tunavyoyaita mabati huku kwetu, akagongelea misumari iliyolegea, akaziba kila kitundu kwa lami. Kazi ya mwisho ilikuwa chini. Alitembea kando ya ukuta wa nyuma wa lupango, yaani kiwanja chetu, akiwa na kipande cha nondo, akazibua matundu matano yaliyoachwa chini kabisa ya ukuta, kila moja ukubwa wa ngumi. Maji yote ya uani yalipitia hapo kwenda kwenye mtaro wa kichochoroni. Mimi kifungua mimba nilimfuata na ndoo ya uchafu. Mdogo wangu alikuwa anacheza mpira, na hakuna aliyemwita.

Baba alipofariki, kazi ile ya mwezi wa nane niliichukua mimi. Mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mzima, juu ya ngazi na kopo la lami. Majirani walicheka wakachoka. Mama yeye alikuwa na ombi moja tu maishani, na alilirudia kila tulipomwambia ahamie kwa mmoja wetu: "Miye nitatoka mu hii nyumba siku ya kunibeba."

Basi mwaka mmoja binti wa mdogo wangu akapata mchumba. Na wageni wa mahari, kwa desturi ya familia yetu, hupokelewa nyumbani kwa bibi. Mdogo wangu anafanya kazi mgodini upande wa Kinsevere, anarudi mjini mwisho wa juma na viatu vizito na sauti nzito zaidi. Akaamua kwamba nyumba ya baba ni aibu. Akamleta fundi mwashi, akaanza kuitengeneza upya. Hakuniuliza. Hilo ndilo lililonichoma, na nalisema mapema ili msije mkadhani nilikuwa na hekima yoyote katika mambo haya.

Kitabu chake cha ujenzi kilikuwa simu. Alikuwa na picha za majumba ya Dubai, akamwonyesha fundi kwa kidole: hii, na hii, na ile. Fundi alikuwa mtu wa kofia ya njano na kalamu sikioni, kalamu ambayo sijawahi kuiona ikiandika kitu. Kila alichoonyeshwa alisema kinawezekana. Wakasimamisha nguzo mbili nene mbele ya baraza, zina maua ya saruji juu, na hazibebi hata kiota cha ndege. Wakaweka dari ya plastiki yenye taa za bluu chini ya mbao zilizoliwa na mchwa, bila kugusa mbao wala mchwa. Ua wote ukafunikwa kwa saruji hadi kwenye ukuta wa nyumba, na ukuta wenyewe wakaupandisha vigae vyekundu mpaka kifuani, nje, pande zote nne. Udongo mbichi, ambao unahitaji kupumua kuliko mimi na wewe, ukafungiwa ndani ya vigae kama maiti.

"Yaya, angalia sasa," mdogo wangu akaniambia, maana dada mkubwa kwetu huitwa yaya. "Haiko kama hoteli?"

"Iko kama hoteli," nikamjibu. "Hoteli ya manjanja ya kuoza."

"Weye kila kintu unaonaka tu mubaya. Nani anaangaliaka manjanja? Bageni habapandake kule juu."

"Mvua njo inapandaka."

Akacheka. Akamwambia mama kwamba yaya ana wivu. Mama akatuangalia wote wawili, akasema chakula kiko tayari.

Nikaacha kwenda kila siku. Nilipita tu nikitoka shuleni, nasimama getini na mkoba wangu, natafuta jambo jipya la kudharau, na sikuwahi kurudi mikono mitupu. Siku moja mwezi wa tisa nikamkuta fundi nyuma ya nyumba peke yake, amechanganya saruji na amechuchumaa mbele ya tundu la kwanza. Mdogo wangu alikuwa kazini. Aliacha amri kwa simu kwamba matundu yote yafungwe: yanaleta panya, na yanaharibu picha.

Fundi aliponiona akainuka. Lazima niwe mkweli, siku hiyo alitumia akili.

"Mama," akasema, "patron amesema tufunge hii ma-trou. Lakini mayi ya mvua itapitia wapi? Weye uko mutoto wa hapa. Unasema namna gani?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa mdomoni tangu utotoni, lina sauti ya baba na mlio wa nondo ikigonga jiwe. Neno moja tu lilitosha, hapana, na yule mtu angeenda kunawa mikono. Nikatazama vigae vile, nguzo zile, nikaona uso wa mdogo wangu akisema nina wivu.

"Patron alikwisha kusema," nikamjibu. "Miye niko nani?"

Fundi akainua mabega, akachukua mwiko wake. Nilisimama nikamwangalia mpaka akaziba tundu la tano. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi, mimi ambaye nawakataza watoto wa shule kupiga mluzi. Nilitaka mvua ije. Nilitaka ije kubwa, imkute na viatu vyake vipya, na watu wote wajue nani alikuwa mtoto wa baba.

Siku ya mahari hakukuwa na tone. Wageni walikaa barazani kati ya zile nguzo, na msemaji wao, mzee mmoja mwenye tai pana, akasifia nyumba kabla hajamsifia binti. Alisema mtu akiona ukuta kama huu anajua familia imelelewa. Mdogo wangu alivimba mpaka nikahofia vifungo vya shati. Nilikula bukari yangu, yaani ugali, na kuku kimya kimya nikitazama mawingu upande wa Luano, nikayahesabia siku.

Mvua ya kwanza ilipopiga, mama alinipigia simu asubuhi yake. Ua ulikuwa umejaa maji mpaka kwenye kifundo cha mguu, na hayaendi popote.

"Mayi inasimama tu," akasema. "Baba yako alikuwa anafanyaka namna gani?"

"Uliza mutoto wako mwenye hoteli," nikasema.

"Sawa," akasema, akakata.

Alimwuliza kweli. Mdogo wangu akamwambia jua litakausha. Jua likakausha kiasi, kisha ikaja mvua ya pili, na ndani ya chumba cha mama pakaanza kunuka udongo. Nilienda nikanusa. Chumba hicho kiko upande wa nyuma, kwenye mteremko, pale maji yanapokusanyika. Nikabonyeza kigae kimoja kwa kidole na nikakiona kinacheza. Nikamwambia mama afungue madirisha. Madirisha! Nondo ya baba ilikuwa imeegemea palepale jikoni, na kazi yenyewe haizidi dakika kumi, lakini nilikuwa nangoja mdogo wangu aje aniombe.

Mvua ya tatu ilianguka mchana, darasa langu likiwa katikati ya hesabu. Ilipiga saa moja nzima, ile mvua yetu inayofanya mwalimu asisikike kwa kelele za mabati. Ilipopungua nikavua viatu nikaenda. Mama alikuwa amekaa barazani, miguu juu ya kigoda, sahani ya maharage mapajani, anayachambua. Maji yalikuwa yamefika ngazi ya pili ya baraza.

"Kimeanguka," akasema, bila kuinua macho.

Kona nzima ya chumba chake ilikuwa imeketi chini. Vigae vilikuwa vimeshuka vyote pamoja, vimeshikana vizuri kabisa, saruji yake haikuwa na kosa. Kilichoisha ni ukuta nyuma yake, ambao ulikuwa umegeuka uji. Kitanda kilijaa matope hadi kwenye mto. Dari ya plastiki ilining'inia upande mmoja, na kwa kuwa siku hiyo umeme ulikuwepo, kwa ajabu, zile taa za bluu zilikuwa zinawaka. Kama mama angekuwa amelala mchana huo kama alivyozoea, nisingekuwa naandika haya kwa mzaha. Aliniambia harufu ndiyo iliyomtoa nje.

Nikachukua nondo. Niliingia majini hadi magotini nikapiga mahali pa tundu la kwanza, na saruji ya fundi ikaachia kwa mapigo machache. Nikazibua la pili na la tatu. Ua ulikauka kabla sufuria ya maharage haijachemka. Nilipogeuka mama alikuwa amesimama mlangoni akiniangalia, ameona jinsi ilivyokuwa kazi ndogo. Usiku huo alilala kwa jirani.

Kesho yake mdogo wangu alifika kutoka Kinsevere na fundi wake nyuma. Alilizunguka lile shimo mara mbili, akashika kichwa, kisha akafanya wanavyofanya wote wa aina yake: akamgeukia fundi na kumwita mjinga, muuaji, mtu asiye na shule. Mimi nilisimama kando na mikono kifuani. Nakiri nilifurahi.

Fundi alimwacha amalize. Akavua kofia.

"Patron, miye niliuliza," akasema. "Niliuliza yaya yako, hapahapa. Nilisema mayi itapitia wapi? Akanijibu: patron alikwisha kusema."

Mdogo wangu alinitazama. Sikumjali. Nilikuwa namwangalia mama, aliyekaa kwenye kiti cha jirani na mkoba wa nguo zake miguuni.

Fundi akasema nyumba hailaliki tena. Ukuta wa sebule nao ulikuwa na ufa unaopitisha kidole, na jambo la heshima ni kuibomoa kabla haijajibomoa. Basi likabaki swali la mama atakaa wapi. Kwangu lilikuwa si swali. Nilikuwa nimekwisha kufua mashuka, nimetoa vitabu vyangu kwenye chumba cha mbele, na teksi ilikuwa inangoja barabarani. Nilitaka awe kwangu kwa sababu nampenda. Nilitaka pia kila jirani aone mama alikimbilia kwa nani.

"Twende, mama," nikasema, nikainama kuchukua mkoba.

Akaweka mkono wake juu yake.

"Nitaenda kwa mudogo wako."

"Mama! Huyu njo amebomoa nyumba yako."

"Njo yeye," akasema. "Lakini yeye hakuyua mayi inapitaka wapi. Weye uliyua, ukangojea."

Hakusema kwa hasira. Alisema kwa sauti ileile anayotumia kuagiza chumvi. Kisha akampa mdogo wangu mkoba, akashika mkono wake, wakaenda kwenye gari.

Ni mwaka wa pili sasa. Kila Jumapili naenda kumsalimu kule. Akiniona anainuka mwenyewe, na magoti yake yale, ananiletea kiti kizuri cha sebuleni, ananiuliza kama nimefika salama na kama watoto wa shule hawajambo. Anamimina soda, anaweka na kitambaa chini ya glasi. Mdogo wangu akikaa anamwambia kwa ukali atoe miguu yake mezani. Mimi hanigombezi kwa lolote. Nikiaga, ananishukuru kwa kuja.