Jasho Kwenye Nikeli

Ijumaa ile, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa barazani Riyadh nikisafisha bastola za kizamani za bosi wangu. Mimi ni dereva, lakini katika nyumba zile dereva hufanya kila kazi ila kunyonyesha. Bastola zilikuwa za marehemu babake, hazina risasi, zimepakwa nikeli yenye umanjano kidogo. Bosi alinifundisha mwenyewe: dawa ya vioo yenye amonia marufuku, hula shaba iliyo chini. Usisugue kwa nguvu, nikeli ni nyembamba. Na usiishike kwa mkono mtupu, jasho huacha doa.

Simu ikalia, nikaiweka spika. Alikuwa Nasimiyu, dada yangu mdogo, mfanyakazi wa ndani upande wa pili wa mji.

"Brathe, madam ametoka! Nimesonga ugali, nakula huku juu kwa roof kama mdosi."

"Kula pole pole, usipaliwe."

Akacheka.

Mlipuko ukatikisa vioo.

Wa pili ukafuata.

"Nasi?"

Simu ilikuwa imekatika. Nilijikuta nimekamata bastola kwa mkono mtupu, nimeibana hasa. Nimpige nani nayo? Nilitazama juu, nikaona moshi tu.

Bosi, ambaye sisi wafanyakazi humwita baba, aliichukua taratibu kutoka mkononi mwangu, akaifungia sandukuni.

"Yalla, twende, Daudi. Gari."

Kombora lilikuwa limelipuliwa angani, na vipande vyake vikaangukia mtaa wa akina Nasimiyu. Askari walitukataza kupita. Baba alishuka, akazungumza nao kwa muda mrefu. Aliporudi hakunitazama.

"Halas, Daudi," akasema. "Imekwisha."

Nyumbani kwetu walimzika bila mimi. Baadaye baba alihamia Jeddah, mtaa wa Ruwais, nami nikahama naye. Sanduku halikuwa limefunguliwa tangu siku ile. Nilipolifungua, nilikuta alama za vidole vyangu kwenye nikeli, za kijivu, zimekaa vile vile nilivyobana. Nikatia dawa ya kung'arisha kwenye kitambaa, nikasugua. Hazikutoka. Nikaongeza nguvu.

"Acha," baba akasema nyuma yangu. "Utafika kwenye shaba."

Nilidhani atanigombeza kwa kuiharibu mali ya babake. Alikaa tu kando yangu, akachukua kitambaa, akaanza kusafisha nyingine.

Bado nazisafisha kila Ijumaa. Ile yenye doa naipitishia kitambaa kikavu tu. Nilipokuwa nimeibana, nilikuwa bado naamini Nasi atapiga tena. Kila nikiiona naumia, na sitaki doa lile litoke.