Tulivyosuka Pikapu Matinyani

Gitaa la kanisa letu la Matinyani nililiharibu mwenyewe, kwa bisibisi yangu mwenyewe. Nilikuwa nasafisha pikapu, ile sumaku iliyozungushiwa waya chini ya nyuzi, inayodaka mtetemo wa nyuzi na kuupeleka kwenye spika. Bisibisi ikateleza, waya ukakatika, na gitaa likawa ubao. Mzee wa kanisa hakunigombeza. Alisema tu kwamba likiwa bado bubu Jumapili, tutaliuza, kinanda kinatosha. Kinanda chenyewe ni kile cha umeme, ukibonyeza kinajipigia ngoma. Na mimi sijui kupiga kitu kingine chochote. Nilikasirika hadi nikasahau kwamba kosa ni langu.

Ijumaa nikaenda mjini Salama, kwa fundi anayesuka mota za pampu, nikarudi nimeshika waya wa shaba kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Waya ulikuwa mnene, pikapu ikajaa kabla sijafikisha mizunguko ya kutosha, na gitaa likatoa sauti ya mtu anayenong'ona ndani ya mtungi.

Jumamosi asubuhi nikabomoa transfoma ya redio yetu mbovu. Ndani mlikuwa na waya mwembamba kuliko unywele, tena mwingi. Nilifurahi mno, nikapiga mluzi. Nikabandika pikapu kwenye gurudumu la cherehani ya mama, ile ya mkono, nikaanza kuzungusha. Waya ukakatika. Nikauunga, ukakatika tena. Mara ya tatu, mama, aliyekuwa mlangoni akisuka kikapu chake cha kiondo, aliweka katani chini.

"Unavuta kama unafunga mbuzi," akasema. "Lete hapa."

Mama amesuka viondo tangu alipokuwa msichana. Alishika waya katikati ya vidole viwili, na kipande cha kitambaa laini, akauacha upite. Nikazungusha, haukukatika. Kila mizunguko mia niliweka punje moja ya ndengu kwenye sahani kando yangu. Nilitaka ndengu themanini, na macho yetu sote wawili yalikuwa kwenye waya, hakuna aliyetazama sahani.

Nilipogeuka kuweka nyingine, kuku alikuwa ameimaliza hesabu yote.

Nilimrushia kandambili. Nikataka kufumua waya wote tuanze upya, maana nimezoea kufuata vipimo. Mama alicheka hadi machozi yakamtoka.

"Mwaitu," nikamwambia, yaani mama kwa Kikamba, "hatujui tumefika ngapi."

"Kiondo mimi sihesabungi. Mkono unasikia. Zungusha wewe."

Nikazungusha. Kila mara alisimamisha gurudumu, akagusa pikapu kwa ncha ya kidole, akasema bado. Bado. Bado kidogo. Halafu akasema, "Hapo. Simama hapo hapo," na sauti yake ilikuwa ya mtu asiye na shaka hata chembe. Nikachomelea waya, nikafunga skrubu, nikakimbilia swichi kulijaribu gitaa. Stima ilikuwa imepotea. Haikurudi hadi Jumapili.

Kwa hiyo mara ya kwanza kulisikia ilikuwa mbele ya kanisa zima. Niligusa uzi mmoja tu, na sauti ikatoka nene, yenye makali mwishoni, kubwa kuliko ilivyopata kuwa. Nikapiga wimbo wa kwanza kwa kasi kuliko unavyopigwa, sikuweza kujizuia, kwaya ikanifuata ikikimbia. Mpiga kinanda alitoa mikono yake kwenye vibonyezo akanitazama.

Baada ya ibada mzee alikuja kulipapasa gitaa.

"Hili hatuuzi," akasema. "Nani ametengeneza?"

Nikamwonyesha mama, aliyekuwa akifagia mlangoni kama kawaida yake ya Jumapili. Mzee akavuka kanisa lote, akavua kofia aliyokwisha kuivaa kwenda nyumbani.

"Fundi, habari yako," akasema.

Mama aligeuka nyuma kuona anasalimiwa nani.