Suruali ya Miguu Miwili ya Kushoto

Kwenye kituo cha ufundi cha masista, katikati ya mashamba ya chai kabla hujafika Sosiot, kuna sheria moja ambayo huambiwi mapema. Ukiambiwa mapema hutajiandikisha. Nguo ya kwanza unayoshona, unaivaa. Darasani, kanisani, kwa foleni ya uji, kila siku, mpaka ushone ya pili na Sista anayetufunza ushonaji aipitishe. Yeye anasema si adhabu.

"Ukivaa kosa lako wiki mbili," husema, "hulirudii."

Hiyo sheria niliipenda sana kabla zamu yangu haijafika. Msichana mmoja wa darasa letu alishona blauzi yenye mkono mmoja mrefu kupita mwingine, na mimi nikawa namsalimia kwa ule mrefu peke yake. Jamaa mwingine alishona suruali inayofunguka zipu kutoka chini. Nikamwambia hiyo si suruali, ni hema. Shule mbili zilinifukuza kwa sababu ya huu mdomo, na ya tatu tuliachana kwa amani. Mjomba alikuwa ameshasema mimi ni wa kuchekesha watu tu, heri nirudi nyumbani nichune chai. Aliyewaomba masista wanichukue ni kogo, nyanya yangu aliyenilea.

Basi zamu yangu ikafika. Suruali ina vipande vinne, viwili vya mguu wa kulia na viwili vya kushoto. Ukishakata vya upande mmoja, unageuza patani, ile karatasi ya kukatia, ndiyo ukate vya upande wa pili. Mimi nilikuwa naeleza wenzangu ile hadithi ya hema, kwa hivyo sikugeuza kitu. Nilikata vyote vinne vya kushoto. Nilipogundua, kitambaa kilikuwa kimekwisha, na aibu ya kumwambia Sista ilikuwa kubwa kuliko akili. Nikalazimisha. Nilivuta, nikakunja, nikashona jioni nzima huku natoka jasho. Sijawahi kujitahidi hivyo kwa jambo lolote.

Ukivaa ile suruali, goti la kulia linakuvuta kushoto. Siku ya kwanza nilifuata foleni ya uji nikajikuta karibu na zizi la ng'ombe.

"Buda," yule msichana wa blauzi aliniambia, "ukitaka kwenda Bomet, elekea Kericho, suruali itakugeuza."

Watu wa kwenda sokoni hupita karibu na ua letu. Mmoja aliniona, akapeleka habari nyumbani. Jumatano Sista aliniita akiwa bado na simu mkononi.

"Nyanya yako anakuja Jumamosi. Amesikia umejishonea nguo ya kuchekesha watu. Ameuliza kama tuna kamba ya kufunga godoro lako urudi nyumbani."

"Ukamwambiaje, Sista?"

"Nilimwambia hatuna. Akasema atabeba yake."

Kwa siku mbili sikutania mtu. Nilikata suruali ya pili nikigeuza patani huku nasema kwa sauti, "kulia, kushoto," kama askari. Nilifumua kiuno mara tatu.

"Ongea basi," msichana wa blauzi alisema. "Unatutisha."

Ijumaa nilimaliza mapema. Hapo ndipo balaa ilianza, kwa sababu uzi mweusi ulibaki kidogo na mkono ulikuwa unawasha. Ndani ya mfuko, kwa kile kitambaa cheupe kisichoonekana, nilidarizi uso wa Sista. Miwani, paji lililokunjwa, kidevu. Nilijua Sista hukagua nguo kwa kuigeuza ndani nje. Sikujua huwa anageuza mpaka mifuko.

Jumamosi kogo alifika darasani na gambuti zenye umande na kamba ya katani begani. Alikataa kiti. Alinitazama kutoka kichwani, akafika magotini, macho yakabaki hapo.

"Tembea uje hapa."

Nikamwendea. Nikafika dirishani.

"Godoro liko wapi?" alimuuliza Sista.

"Ngoja kidogo, mama. Hiyo ni ya kwanza. Kuna ya pili."

Sista aliilaza mezani, akalinganisha miguu, akavuta mishono, akapandisha na kushusha zipu. Hakufumua hata mshono mmoja, na kwake hiyo ni sifa. Kisha akaigeuza. Kisha akaingiza vidole mfukoni, akauvuta nje.

Kogo aliinama. "Huyu ni nani?"

"Ni mimi," Sista alisema.

Msichana wa blauzi alijiziba mdomo kwa ule mkono mrefu. Ulimtosha. Kogo alianza kukunjua kamba.

"Unaona, Sista? Hawezi kuacha. Umempa chakula, na bado anakuchora."

Nilikuwa na mizaha kama mitatu hivi tayari, yote mizuri. Hakuna uliotoka. Nilisema, "Kogo, ile suruali ya kwanza haikuwa mchezo. Ile ndiyo nilijitahidi kabisa."

Mikono yake ikasimama. Alinitazama magotini tena, polepole, kisha mabega yakaanza kumtetemeka. Alicheka mpaka akakalia kile kiti alichokikataa.

Sista alikuwa ametoa miwani yake na kuisogeza karibu na ile ya uzi.

"Hapa kwa miwani umeshona vizuri kuliko kwa zipu," alisema. "Lakini kidevu nina kimoja, wewe umeweka viwili. Fumua kimoja." Akachukua chaki, akaweka alama kiunoni. "Imepita."

Nilienda kubadilisha. Kogo akaniomba ile ya kwanza, akaiinua kwenye mwanga wa mlango.

"Shamba langu limelala upande. Nikichuna chai, mwili unateremka wenyewe. Labda hii itanishikilia."

Alivua gambuti, akaivaa ile suruali chini ya sketi palepale, na kwa vile kiuno kilikuwa kikubwa, akakifunga kwa ile kamba ya godoro.

Tulitoka wote kumwangalia akienda getini. Njia yetu ya getini imeinamia kulia, hata ng'ombe hupotea hapo wakaingia kwa kabichi. Kogo aliipita moja kwa moja, hakupinda hata hatua moja.

Sista alimfuata kwa macho mpaka akatoka getini. Kisha akaniuliza kama nakumbuka nilivyoikata ile suruali.