Magunzi Yenye Macho

Sisi tuliokulia Kinoo kabla barabara kuu haijapanuliwa, hesabu ya kwanza hatukufunzwa na mwalimu. Tulifunzwa jikoni, kwenye moshi, kwa takataka. Nyanya yangu alitoboa vifuniko vya soda kwa msumari wa moto, akavitunga kwenye uzi wa mkonge, nasi tukavisukuma kimoja kimoja vikigongana. Magunzi yaliyobaki baada ya kupukuchua mahindi tuliyapanga sakafuni: matano huku, matano kule, kumi. Aliyekosea alipakuliwa githeri mwisho, na hakurudia kosa. Watoto wa leo ukiwauliza tano na tatu, wanatafuta simu ya baba.

Lakini nyanya akishalichora gunzi macho kwa mkaa na kulivisha kitambaa, sheria ilibadilika. Sasa lilikuwa mtoto, na mtoto hahesabiwi kama viazi vya sokoni. Tulifika tisa, kisha badala ya kumi tukasema "tisa iliyojaa", kama walivyosema wazee wetu Wakikuyu. "Hesabu ya watoto ni ya Mungu," alituambia, na alikuwa mama wa kanisa asiyekosa ibada.

Miaka hii ya elfu mbili nilimfunza mjukuu wangu Wambui vivyo hivyo, kwa vifuniko nilivyookota kwa wachoma nyama wa Kenyatta Market. Akaenda kufanya intavyuu ya darasa la kwanza katika shule moja ya Hurlingham. Mwalimu akamwonyesha picha ya watoto kumi wakiruka kamba. Wambui akasema ni tisa iliyojaa. Alipoulizwa tena, akajibu vilevile. Akarudishwa nyumbani, eti hajui kuhesabu.

Binti yangu, mama yake Wambui, alinijia amefura. "Mum, umeharibia mtoto nafasi. Hizo ni imani za kitambo, na wewe umeokoka."

"Nimeokoka, ndiyo. Na yule mfalme wa kwenye Biblia aliyehesabu watu wake kwa majivuno alijuta. Vaa viatu, twende shuleni na mtoto."

Mwalimu alikuwa msichana mpole. "Shosho, huku lazima aseme kumi."

"Mpe vitu, usimpe watu," nikamwambia, nikaweka uzi wa vifuniko mezani.

Wambui akavisukuma. Akapita kumi, akapita ishirini, na vilipoisha akaendelea na penseli za mwalimu. Mwalimu akacheka, kisha akairudisha ile picha. "Na hawa?"

Mtoto akanitazama. Binti yangu naye akanitazama, maana neno langu moja lingetosha kumruhusu aseme kumi. Sikulisema. Niliomba kimoyomoyo.

"Tisa iliyojaa," akasema Wambui. "Lakini wewe sema kumi tu, mwalimu."

Nafasi akapewa.

Najua wapo wanaonicheka. Wacheke. Siku hizi mtoto ana nambari kwenye sweta na nambari kwenye dawati, na mgeni anakuuliza unao wangapi kabla hajauliza kama hawajambo. Enzi zetu tulikuwa na kidogo, ila hakuna aliyetujumlisha. Krismasi nyumba yangu ikifurika, vijana wanaopika chapati hupaza sauti, "Shosho, wako wangapi?" Siwahesabu. Nasimama mlangoni nawaita kwa majina, na nikiita mmoja asiitike, chakula kinangoja.