Kambare Aliyenifungulia Mdomo

Usicheke kwanza. Ungekuwa pale, na wewe ungekimbia.

Kambare mwenye kichwa kama ndoo alisimama wima majini, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa jina. Sharubu nje. Macho kwangu. Kisha akafungua mdomo na kuuacha wazi.

Hakuuma ndoano. Hakuzama. Alisubiri tu.

Mimi, mwanaume mzima na ndevu zangu, nilitupa fimbo ya kuvulia nikatoka mbio. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope na sikurudi kukifuata.

Ngoja nikupeleke nyuma kidogo ndipo utanielewa.

Mimi ni fundi makochi. Maisha yangu ni sponji, misumari midogo na vitambaa. Samaki nilikuwa namjua akiwa kwenye sahani, ametulia.

Ila nilipenda. Nesi mmoja aliniletea kochi la zahanati nilivike upya, tukabishana kuhusu rangi ya kitambaa mpaka jioni. Kesho yake akarudi kubishana tena, na kitambaa tulikuwa tumeshakichagua. Hapo nikajua nimekwisha.

Noma ilikuwa kwa baba yake.

Mtaani wanamwita Mzee wa Saa, kwa sababu anatengeneza saa kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Mkewe alifariki zamani. Mtoto anaye mmoja tu, huyo huyo Nesi.

Siku niliyokwenda kujieleza alikuwa na kioo chake jichoni, amefungua saa ya mtu tumbo wazi. Hakuinua kichwa.

"Unamjua Mkaguzi?"

Nikadhani ni mtu wa ofisi fulani. "Hapana, mzee."

"Kambare wa bwawani. Siku atakapoonana na hii meza yangu ya kazi, tutazungumza habari za binti."

Basi. Akarudi kwenye saa yake.

Huyo Mkaguzi kila mvuvi wa bwawa lile anamjua. Anakuja juu, anakizunguka chambo, anakitazama vizuri, anaondoka. Watu wamemtegea minyoo, utumbo wa kuku, hata kipande cha sabuni. Wapi. Ila kifaranga cha bata cha mlinzi wa bwawa alikimeza mchana kweupe, mlinzi mwenyewe akiangalia.

Sasa hilo ndilo lilikuwa sharti langu la ndoa.

Cha ajabu, aliyenifundisha kuvua ni Mzee mwenyewe. Jumapili ya kwanza nilifika na ndoano nimeifunga kwa fundo la kamba ya kochi. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akachukua mshipi wangu, akanionyesha fundo lenyewe polepole, akanimiminia chai kutoka chupa yake.

Jumapili iliyofuata tena. Na iliyofuata. Tukawa tunakaa kimya tukitazama boya, au ananisimulia wateja wanaolia kwamba saa ya marehemu babu imekufa, kumbe betri imeisha.

Samaki wadogo nilipata. Mkaguzi, hata harufu sikuisikia.

"Mvumilivu hula mbivu," Mzee alinifariji kila tulipokunja mishipi, kwa sauti ya mtu asiyekuwa na haraka kabisa na hizo mbivu.

Na nyumbani kwao kulikuwa na balaa jingine, mkate. Unanunuliwa mzima, ukigeuka huku na huku, kimebaki kipande cha kuonea huruma.

"Panya," Nesi alisema.

"Panya kabisa," Mzee akadakia. "Tena wakubwa."

Nikaona nafasi ya kujipendekeza imejileta yenyewe. Nikawapelekea paka.

Paka alipita chumba kwa chumba, akanusa kila kona, akapanda kwenye kochi akalala. Mkate ukaendelea kupotea. Mzee akasema paka ana uvivu, kafanana na fundi aliyemleta.

Turudi siku ya kiatu.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, Mzee ana wateja. Nesi akaniambia, "Leo nenda kakae pale kwenye ngazi iliyovunjika. Beba wavu wa mpini. Ukifika, gonga kopo."

"Nivue samaki au nimfukuze?"

"Wewe gonga tu. Kila kitu lazima ubishe?"

Mzee alikuwa amenifundisha kwamba mvuvi hapigi kelele, kwa hiyo nikachukulia ni utani. Wavu sikubeba. Kopo nililigonga kwa bahati, nikikung'uta minyoo iliyong'ang'ania chini.

Ko, ko, ko.

Ndipo kichwa kikatokea, karibu kiasi cha kumsalimia kwa mkono. Mengine unayajua.

Kosa langu la pili lilikuwa kumwambia Domo. Domo ni mvuvi mwenzetu, na jina lake hakulipata kwa kupendelewa. Jua halijazama, mtaa mzima ulikuwa na habari. Mmoja anasema maji yamekosa hewa. Mwingine anasema samaki amemeza simu, inamtetemesha tumboni. Domo mwenyewe alikuwa na uhakika kwamba ni jini, na kwamba kiatu changu ameondoka nacho.

Mzee wa Saa peke yake hakucheka. Alitoa kioo jichoni.

"Alifungua mdomo? Akasubiri?"

"Ndiyo, mzee."

"Hm," akasema, na bisibisi ikamponyoka mkononi.

Nesi alinivuta ukumbini, nyuma ya mlango.

"Samaki katoka majini mwenyewe," alininong'oneza kwa hasira, "akaja mpaka miguuni kwako, akakufungulia mdomo. Wewe ukakimbia."

"Nilijua ni jini."

"Jini gani? Ni mimi namlisha. Kila nikitoka kazini napita pale, nagonga kopo, nampa mkate. Nimemzoesha mpaka anakuja akisikia sauti tu. Nimefanya hivyo kwa ajili yako."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungemwambia baba. Uso wako hauwezi kuficha hata njaa."

"Kwa hiyo panya..."

"Panya ni mimi. Kesho alfajiri, kabla baba hajafika. Na ukisahau wavu safari hii, tafuta nesi mwingine."

Kesho yake kulipopambazuka nilikuwa nashuka bwawani, wavu mkono mmoja, kopo mkono mwingine. Niliwaza kwamba saa sita mchana nitakuwa nimeshapewa mke.

Nikakuta mtu ameniwahi.

Alikuwa amechuchumaa ukingoni, amenipa mgongo, mfuko wa mkate magotini. Anamega, anatupa. Mkaguzi anapokea kama mteja wa siku zote.

"Kula ushibe," Mzee wa Saa alikuwa akimwambia. "Kijana anakuja sasa hivi na minyoo yake. Usimtazame hata."

Wazee wanasema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Huku baba anamshibisha nisimpate, huku binti anamzoesha nimpate. Mwenye faida alikuwa mmoja, naye alikuwa amenenepa mpaka mgongo hauzami.

Nilitaka kurudi nyuma kimyakimya. Kopo likaniponyoka, likagonga jiwe.

Ko.

Mkaguzi akageuka. Akamwacha Mzee na mkate wake, akaja upande wangu, akasimama wima, akafungua mdomo.

Mzee alimtazama samaki. Akatazama kopo. Akatazama wavu. Mtu aliyezoea vipande vidogo vya saa hachukui muda kuunganisha.

"Kumbe panya tulikuwa wawili," akasema.

Nikainama kuokota kopo.

"Haya, mchote. Yuko mdomoni mwa wavu. Sharti nililitoa mwenyewe, siwezi kulikana."

Nikainua wavu. Naapa niliuinua.

"Mzee, kama hunitaki si ungeniambia tu?"

Alikaa chini kwenye ngazi iliyovunjika. Nikaona amezeeka ghafla.

"Nani kasema sikutaki? Binti akiondoka, ile nyumba inabaki na mimi na saa za watu. Na wewe ukishapata ulichofuata, utakuja kukaa hapa ufanye nini? Nikaona bora samaki asipatikane. Angalau ningekuwa nanyi wote wawili."

Ilinichoma. Kumbe muda wote huo nilikuwa namhesabu kama ukuta, na mtu mwenyewe alikuwa anaogopa.

Nikaweka wavu chini.

"Mzee, mimi kuvua sijui, na unajua kwamba sijui. Nilianza kuja kwa ajili ya binti yako, huo ndio ukweli. Lakini siku hizi Jumamosi nzima nangoja Jumapili, na sio kwa ajili ya samaki."

Mzee akamega mkate uliobaki, akanipa nusu.

Nikaung'ata.

"Si wako," akasema. "Wa samaki."

Unadhani yaliishia hapo? Mzee wa Saa si mtu wa kulegeza neno lake. Siku ndugu walipokusanyika kusikia jibu la posa yangu, wajomba zake Nesi wamevaa suti zao, yeye akasimama mbele ya wote.

"Nilisema Mkaguzi aonane na meza yangu. Hawajaonana."

Nesi akanitazama. Mimi nikatazama chini. Nikajua amebadili mawazo.

"Lakini sikusema nani amfuate mwenzake," akaendelea. "Bebeni meza."

Tukaibeba. Wajomba na suti zao, mimi na jasho langu, tukashuka nayo mpaka bwawani, droo zinafunguka njiani, skrubu zinamwagika, Domo anawatangazia walio madirishani. Tukaiweka kwenye ngazi iliyovunjika, mguu mmoja majini.

Nesi akagonga kopo.

Mkaguzi akatoka. Akaitazama meza upande huu, akaizunguka, akaitazama upande ule. Kisha akafungua mdomo. Mzee akamtupia kipande.

"Wameonana," akasema, huku akijifuta jicho lile analovalia kioo. Akanigeukia. "Haya, mchukue binti. Na Jumapili usichelewe."

Sijawahi kuchelewa mpaka leo.

Ndugu yangu unayesoma, anayekuwekea sharti gumu si lazima awe anakukataa. Wengine wanatafuta tu sababu ya wewe kuendelea kuja. Kabla hujainua wavu wako, kaa naye kidogo kwanza, unywe chai yake.

Na ukiambiwa gonga kopo, gonga. Kiatu changu kingekuwepo.