Soksi Zilizolowa Msikitini

Usingizi ulinipaa: mimi mhudumu wa afya, kesho nitawafundishaje watu kujikinga na fangasi wa miguu, ilhali kucha zangu mwenyewe zimekuwa njano? Nikaona soksi zitanisitiri. Adhuhuri, msikitini Kilwa Kivinje, nikatawadha na kuzivaa upesi, miguu ikichuruzika maji, mtu asinione.

Baada ya swala nikasimama kifua mbele. "Ukishatawadha, kausha miguu, hasa katikati ya vidole, ndipo uvae viatu."

Mzee Bakari, mwadhini, akaukodolea macho mkeka. "Mwalimu, mbona nyayo zako zimeacha maji? Au wewe fangasi wanakuogopa?"

Msikiti mzima ukacheka. Nikakaa chini, nikavua soksi.

"Hawaniogopi, mzee. Sogeeni muone," nikasema, nikaanza kufuta kidole kimoja kimoja.