Alama za Meno kwenye Ungo wa Koko

Jumamosi iliyopita nilipanda basi kutoka Kigali kwenda kumwona Koko, ndivyo tunavyomwita bibi yetu, katika nyumba mpya aliyoijenga baba pale Kamembe. Nyumba ina vigae sakafuni na jiko la gesi, na hakuna anayemruhusu Koko aguse kitu. Nilimkuta kwenye kiti chake karibu na dirisha, redio ikiimba, naye akiyumba, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Nikafurahi mno! Nikampigia makofi, mama naye akapiga, tukasema mzee wetu bado anaiweza dansi. Kisha mama akanituma stoo nikalete kiti cha ziada. Huko, nyuma ya mifuko ya saruji iliyobaki, nikauona ungo wa zamani wa Koko ukining'inia kwenye msumari.

Niliushusha nikaupapasa ukingo. Alama za meno bado zipo! Rafiki yangu, nilipiga kelele peke yangu mle ndani hadi mama akauliza kama nimeona nyoka. Meno yale nayajua. Ni ya Danseri.

Danseri alikuwa kima wa jirani yetu, fundi seremala. Enzi hizo tulikaa kwenye nyumba ya matofali ya udongo, kando ya barabara inayoteremka ziwani. Asubuhi mtaa ulinuka sambaza, dagaa wa ziwa letu, wabichi kutoka kisiwa cha Nkombo, na kuanzia saa tatu harufu ya mbao ilishinda kila kitu. Dereva mmoja wa lori la mbao alimletea fundi kima huyo angali mdogo, akafungwa kwa mnyororo mfupi kwenye nguzo mbele ya karakana. Alikuwa na bakuli la ugali na kopo la maji, basi. Hakuwa na tawi la kupanda wala kitu cha kuchokonoa. Siku nzima aliyumba, mguu huu, mguu ule, na sisi watoto tukitoka shule tulimzunguka tukimpigia makofi na kumwimbia. Mwenye kuanzisha nyimbo nilikuwa mimi, nani mwingine! Sisi ndio tuliompa jina la Danseri, na kila mpita njia alisema mnyama huyu ana raha zake.

Halafu akaanza kujing'oa manyoya. Mkono wake wa kushoto ukabaki ngozi tupu, ya waridi kama ya kitoto kichanga. Siku moja mteja aliyekuja kuangalia kabati lake alimsogelea mno, akang'atwa kidole.

"Huyu makako amepata wazimu," fundi alitangaza mbele ya mtaa mzima. "Siku ya Ijumaa dereva akipita, atamubeba. Akimukataa, nitamumaliza mwenyewe."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Nililia kwa kwikwi, nikamvuta Koko kwa kitenge chake hadi karakana ili amwombee. Koko hakumwomba mtu. Aliketi kwenye kigoda, akamtazama kima kwa muda mrefu sana. Mimi nikaona nisaidie: nikaanza kupiga makofi, ili aonyeshe alivyo mzuri. Koko akaidaka mikono yangu.

"Acha. Unazani iko nacheza?"

"Ndiyo, Koko."

"Hachezi. Hana kazi."

Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwa amewahi kuniambia. "Mwaka wenye tulitoka Bukavu kurudi huku, sikukuwa na shamba, sikukuwa na muntu mwenye nilijua. Nilikuwa naikala ku kiti, huku na kule, huku na kule, kama huyu. Baba yako alizani niko naomba Mungu. Njo maman moja wa jirani akaniletea ungo ya maharagwe. Akasema, maman, unichagulie, utoe mawe, macho yangu haione muzuri. Aliona muzuri tu! Lakini ile maharagwe njo ilinirudisha."

Akamgeukia fundi. "Papa Fundi, munipatie mpaka Ijumaa."

"Maman, utafanya nini?"

"Nitamupa kazi."

Fundi alicheka hadi akashika benchi. Mimi sikucheka. Kesho yake Koko alikuja na ungo wake uliojaa maharagwe, ndani yake amechanganya karanga, akamsogezea Danseri, kama vile anampa mkwe wa nyumba kazi yake ya kwanza. Danseri akaudaka ungo, akaung'ata ukingoni kwa hasira zote, akaurusha! Maharagwe na karanga vikatapakaa kwenye maranda ya mbao yaliyojaa chini. Mtaa mzima ukaangua kicheko.

Lakini ngoja! Danseri aliinama. Akayagusa maranda kwa kidole kimoja. Akayapekua, akatoa karanga, akaimenya, akala. Akapekua tena. Harage akalitema, karanga akala. Alasiri nzima alichambua yale maranda kipande kwa kipande, na hakuyumba hata mara moja. Koko alinibana begani hadi nikaumia, wala hakujua.

Jumatano tulimwaga karanga kwenye lundo kubwa zaidi. Alhamisi Koko alimletea mahindi yenye maganda yake, ameyafunga kwa vipande vya kitambaa, fundo juu ya fundo, nami nikajaza karanga ndani ya vipande vya mwanzi. Kupiga makofi tulipigwa marufuku, na kwangu hiyo ilikuwa adhabu kali. Ajabu kubwa ilikuwa fundi mwenyewe. Hakuweza kuvumilia kuona kazi inafanyika vibaya uani kwake! Alitoboa mwanzi wangu matundu yaliyonyooka, akapigilia ubao wa kukalia juu ya nguzo, kisha akafunga waya kati ya nguzo mbili ili mnyororo uteleze na kima aweze kukimbia. Alisahau kabisa milango ambayo wateja walikuwa wakiisubiri.

Ijumaa lori likaja. Dereva akashuka na gunia mkononi. Nilijificha nyuma ya sketi ya Koko, nimefumba macho. Nikasikia fundi akikohoa.

"Pita tu, mukubwa. Huyu iko ku kazi."

Nilifumbua macho. Danseri alikuwa juu ya ubao wake, kichwa ndani ya ganda la hindi, wala hakumtazama mtu. Niliruka, nikapiga kelele, nikakumbatia hata dereva!

Manyoya yalirudi. Miezi mingi baadaye wahifadhi wa wanyama walikuja, wakamchukua akaishi na wenzake. Nilipolalamika Koko alisema, "Kazi tulimupa, lakini ndugu hatukuweza kumupa." Leo karakana imekuwa duka la simu, milango inaletwa na malori, na maharagwe yanauzwa ndani ya pakiti, meupe safi, hayana hata jiwe moja. Kima wa kufungwa kwenye nguzo simwoni tena, na hilo nalishukuru. Mengine yote nayatamani.

Nikiwa bado stoo na ungo mkononi, nikasikia redio sebuleni, na makofi ya mama.

Nilitoka mbio! Hata kiti sikupeleka. Nilifika sokoni nahema. "Maman, nipatie maharagwe yenye bado kuchaguliwa, yenye iko na mawe." Muuzaji alinitazama kama nimerukwa na akili, akanipimia. Nikarudi, nikazima redio, nikamwekea Koko ungo mapajani, nikamimina.

Aliyumba mara mbili tatu. Kisha akatulia. Kidole chake kikagusa harage, kikalisukuma pembeni, kikafuata jiwe. Akaliokota jiwe, akalinyanyua dirishani, akatukazia macho mimi na mama.

"Maharagwe michafu hivi," alisema, "siku yote hii mulikuwa munaificha wapi?"